Nikiacha mlango wa friji wazi, chumba kitapoa?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Joto la chumbani kwangu limenizidi na sina kiyoyozi. Friji yangu iko humohumo ninamolala. Nimewaza kuacha mlango wake wazi usiku kucha ili ipooze chumba, angalau kidogo. Mwenzangu anasema nitaiua friji bure. Nani kati yetu yuko sahihi, na kwa nini?

Jibu: Ndugu, mwenzako yuko sahihi. Chumba hakitapoa. Utaamka kikiwa na joto zaidi kuliko ulipolala, umeme utakuwa umeliwa bure, na friji itakuwa imekesha ikifanya kazi isiyo na mwisho.

Wazo lako linatokana na namna tunavyosema. Tunasema friji inatoa baridi, kana kwamba kuna baridi inayotengenezwa ndani na kumwagika mlango ukifunguliwa. Kumbe kinachosogea humo ni joto. Friji inalichota joto ndani ya kabati lake na kulimwaga nje, kwenye koili zilizo mgongoni au zilizofichwa ubavuni. Iguse pembeni au nyuma ikiwa inanguruma: uvuguvugu unaousikia ndilo joto lililokuwa ndani ya maji yako ya kunywa. Ukifungua mlango, inaanza kuchota joto la chumba mbele na kulimwaga chumba kilekile nyuma. Ni sawa na mtu anayekausha mtumbwi kwa kuchota maji upande wa omo na kuyamwaga upande wa tezi, ndani ya mtumbwi uleule. Na bado kuna la pili: mota inayofanya kazi hiyo nayo inapata moto, na moto huo unaongezeka chumbani.

Ili uone kwa nini hakuna ujanja wa kukwepa hili, inabidi tufuate gesi inavyozunguka.

Anza na jaribio la dakika moja. Chovya pamba kwenye spiriti, pakaza mgongo wa mkono, kisha puliza. Mkono unapoa papo hapo, ingawa spiriti yenyewe ilikuwa na joto la chumba. Kimiminika hakiwezi kugeuka mvuke bila kupata joto mahali, na hapo kimelichukua kwenye ngozi yako. Joto hilo ni jingi kuliko watu wanavyodhani. Kilo moja ya maji ukiipasha kutoka nyuzi 0 hadi 100 inameza kilojuli 420 hivi. Kuigeuza yote kuwa mvuke kunameza kilojuli 2,257 nyingine, zaidi ya mara tano, na muda wote huo kipimajoto kinabaki palepale kwenye 100. Mvuke huo ukigeuka tena kuwa maji, unalirudisha joto lote ulilomeza. Ndiyo maana mvuke wa sufuria unaunguza vibaya sana.

Mabomba ya friji yana kimiminika cha namna hiyo, kile ambacho mafundi hukiita gesi; tofauti ni kwamba chenyewe kinachemka kwenye ubaridi. Friji nyingi za sasa zinatumia isobutani, ambayo kibandiko cha nyuma kinaiandika R-600a; nyingine zina R-134a. Kwenye presha ya kawaida ya hewa, ya kwanza inachemka kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri, na ya pili nyuzi 26 chini ya sifuri. Kiasi chake ni kidogo mno: friji ya nyumbani ya R-600a mara nyingi ina gramu 30 hadi 80 tu, zinazozunguka na kuzunguka kwa miaka.

Sasa fika kwenye siri yenyewe ya mashine: nyuzi ambazo kimiminika kinachemka hazikai mahali pamoja, zinafuata presha. Mlimani maji huchemka kabla ya kufika 100 kwa sababu hewa inayoyakandamiza imepungua. Ndani ya sufuria ya presha huchemka kwenye 120 hivi. Friji inatumia jambo hilohilo kwa pande zote mbili. Ndani ya kabati inashusha presha ili gesi ichemke kwenye baridi kali na kunyonya joto hata la barafu. Nje inaipandisha ili mvuke uleule ugeuke kimiminika kwenye nyuzi zinazozidi joto la chumba, na hivyo joto lipate njia ya kutoka. Kwa R-600a, kuchemka kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri kunahitaji presha ya kama sehemu sita kati ya kumi za presha ya hewa. Kurudi kuwa kimiminika kwenye nyuzi 45 kunahitaji presha ya kama mara sita ya hewa. Tofauti ni mara kumi, na mwenye kuileta ni kompresa.

Kompresa ni kile chungu cheusi cha chuma kilichokaa chini nyuma. Ndani yake, kimefungwa kabisa kwa kuchomelewa, mna mota, pistoni na oili. Inavuta mvuke baridi kutoka ndani ya friji, inaukandamiza, na kuutoa ukiwa wa moto kiasi cha kuunguza kidole kwenye bomba la kutolea. Mvuke unapita kwenye kondensa, yaani zile koili, unapoteza joto na kuwa kimiminika. Kimiminika kinapita kwenye filta, kikopo kidogo cha shaba chenye chembe za kunyonya unyevu, kwa sababu tone moja la maji humo likiganda linaziba njia. Kisha kinaingia kapilari: mrija wa shaba wenye tundu lisilofika milimita moja na urefu wa mita mbili, tatu au zaidi. Kupenya tundu hilo kunaimaliza presha. Kikitoka upande wa pili kinakuta nafasi na presha ndogo, kinaanza kuchemka kwenye evapureta, yaani mabomba yaliyo ndani ya kabati, kinanyonya joto la kila kilichomo, na mvuke unarudi kwenye kompresa kuanza upya.

Hapo usisahau jambo moja linalowagharimu watu wengi fedha. Gesi hii hailiki. Friji haiichomi kama jiko linavyochoma gesi yake, na haina muda wa kuisha. Ukiambiwa gesi imeisha, maana yake kuna tundu, na kujaza bila kutafuta tundu ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na kama ni R-600a, fundi asisogeze moto wa kuchomelea kabla ya kuitoa gesi yote na kufungua madirisha, kwa sababu inawaka kama ya jiko.

Turudi kwenye mlango wazi, tupige hesabu. Chukua kompresa inayokula wati 100 za umeme na kunyonya wati 150 za joto kutoka ndani. Hiyo ni hali ya kawaida ya friji ndogo. Kondensa inamwaga vyote viwili, yaani wati 250. Mlango ukiwa wazi, chumba kinapoteza 150 mbele na kupokea 250 nyuma. Kinachobaki ni ongezeko la wati 100, sawasawa na umeme ulioingia kwenye waya. Weka kompresa bora kuliko hiyo, badilisha gesi, safisha koili: ongezeko litakuwa umeme wote ulioingia, daima. Mtu mzima aliyeketi ametulia hutoa joto la kama wati 100, kwa hiyo ni kana kwamba umemkaribisha mgeni akeshe nawe chumbani.

Wati 100 zinaonekana kidogo, lakini chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 3 kina hewa ya kilo 43 hivi, na kuipandisha nyuzi moja kunahitaji kilojuli 43 tu. Kwa saa moja wati 100 zinatoa kilojuli 360. Kama hewa peke yake ingelibeba joto hilo, ingepanda nyuzi 8. Kwa bahati kuta, godoro, sakafu na nyufa za madirisha zinachukua sehemu kubwa, kwa hiyo kipimajoto hakipandi hivyo. Lakini kinaelekea juu, hakielekei chini. Na kwa saa 8 za usingizi mita itakuwa imesoma uniti 0.8.

Utauliza, mbona ukisimama mbele ya friji iliyo wazi unasikia ubaridi wa kweli? Unausikia kwa sababu hewa baridi ni nzito. Inamwagika kutoka kabatini, inateremka na kukupitia miguuni, kisha inaisha. Ubaridi uliomo kwenye hewa hiyo ni haba sana: friji ya lita 200 ina robo kilo ya hewa, na hewa hiyo ikipanda kutoka nyuzi 4 hadi 30 inanyonya kilojuli 6 au 7 tu. Mota ya wati 100 inazirudisha chumbani kwa kama dakika moja. Baada ya dakika hiyo unakuwa umeingia kwenye hasara.

Kuna hali moja ambapo friji iliyo wazi inapooza chumba kweli: ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Tuseme ina lita 20 za maji kwenye nyuzi 4. Yakipanda hadi 30 yatanyonya kilojuli zaidi ya 2,100 kutoka chumbani, na hakuna mota ya kuzirudisha. Ila joto hilo lilikwisha kumwagwa chumbani humo wakati maji yanapozwa, pamoja na la mota juu yake. Chumba kinalipwa sehemu tu ya deni lake.

Mwaka 1850 mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius aliliweka jambo hili kuwa kanuni: joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye moto, ukitaka liende, lazima ulipe kwa kazi fulani. Mashine yenyewe ilikuwa imetangulia, kwani Jacob Perkins, Mmarekani aliyeishi London, alipata hataza ya kupooza kwa kukandamiza mvuke mwaka 1834, akitumia etha. Vipande vyake vinne, yaani cha kukandamiza, cha kumwaga joto, cha kushusha presha na cha kunyonya joto, ndivyo hivyohivyo ulivyo navyo chumbani.

Kiyoyozi ndicho kilekile kwa kila kipande, isipokuwa kimoja: kondensa yake iko nje ya ukuta. Hilo ndilo linalokipa uwezo wa kupooza chumba. Hata ukitoboa ukuta na kuupenyeza mgongo wa friji nje, utapata kiyoyozi hafifu mno, kwa sababu kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja, kile kinachoandikwa BTU 9,000, kinahamisha wati 2,600 hivi, na friji wati 150. Na wenye viyoyozi vya kusukuma kwa magurudumu wanafanya kosa lako bila kujua wanapouacha ule mpira mnene wa hewa ya moto uishie chumbani badala ya kuutoa dirishani. Kinawapuliza baridi usoni na kuwachemsha mgongoni.

Sasa hofu ya mwenzako. Themostati ni swichi tu: inawasha kompresa ndani kukiwa na joto, inaizima ubaridi ukifika pale ulipopanga. Mlango ukiwa wazi ubaridi huo haufiki kamwe, kwa hiyo kompresa haipumziki. Wakati huohuo evapureta inapigwa na hewa ya joto, gesi inachemka kwa wingi kuliko ilivyokusudiwa, presha inapanda pande zote mbili na mota inavuta umeme zaidi. Kompresa hizi hupozwa na mvuke baridi unaorudi. Mvuke ukirudi una joto, mota inapata moto, oili inakuwa nyepesi na ulinzi wake wa vyuma vinavyosuguana unapungua. Kuna kifaa kidogo ubavuni, ovalodi, kinachokata umeme moto ukizidi, na utakisikia kikilia tik. Usiku mmoja unaweza kupita salama. Kuzoea ndiko kunakochosha nyaya za mota.

Unyevu nao una lake. Kila gramu ya mvuke wa hewa inayoganda kwenye evapureta inaiachia kama kilojuli 2.8, na barafu inayojengeka inakuwa blanketi kati ya koili na hewa. Kwenye friji zisizojenga barafu (no-frost), inaziba nafasi za mapezi na feni inabaki inapuliza ukuta. Nyingi za aina hiyo, feni yake husimama mlango ukifunguliwa, kwa hiyo hata huo upepo wa baridi unaoutarajia hautoki. Na chakula kinavuka nyuzi 5, mahali ambapo bakteria huanza kuongezeka upesi.

Kwa kuwa shida yako ni joto, hili ndilo ningekusihi ulifanye kwanza: toa friji chumbani unamolala. Hata ikifungwa vizuri, kila uniti inayokula inaishia kuwa joto palepale ilipo. Friji inayokula uniti moja kwa siku ni kama kuacha hita ya wati 42 ikiwaka mchana na usiku.

Kama hakuna mahali pengine pa kuiweka, ipunguzie kazi. Iache umbali wa sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani na usiifunike kitambaa. Chomoa plagi, kisha piga koili za nyuma brashi laini, kwani vumbi linafanya joto lishindwe kutoka na kompresa ikae imewaka muda mrefu. Raba ya mlango ijaribu kwa karatasi: ibane kwenye mlango, uivute. Ikitoka bila kukaza, hewa inapita hapo. Osha raba kwa maji ya sabuni, na kama imepinda ilainishe kwa maji ya moto uinyooshe kabla ya kufikiria kununua nyingine. Themostati usiipeleke mwisho ukidhani itapooza upesi. Kasi haibadiliki, inachobadilisha ni pa kusimamia. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya friji, kiache usiku kucha, urekebishe hadi kisome kati ya 3 na 5.

Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, zima na uiache iyeyuke. Usiichokoe kwa kisu. Mabomba ya evapureta ni ya alumini nyembamba, na tundu la ncha ya kisu ndiyo ile gesi iliyoisha. Ukichomoa plagi kwa sababu yoyote, subiri dakika 5 kabla ya kurudisha, ili presha za pande mbili zilingane kupitia kapilari. Ukirudisha mapema pistoni inakuta mvuke umekazana mbele yake, mota inashindwa kuanza, na ovalodi inalia.

Kuhusu wewe mwenyewe, feni itakusaidia kuliko friji, ingawa nayo haipoozi hewa hata kidogo. Inakausha jasho lako upesi, na jasho linapogeuka mvuke linachukua joto kwenye ngozi, kama ile spiriti. Kwa hiyo feni inayozunguka chumbani bila mtu inapasha chumba tu, izime ukitoka. Usiku hewa ya nje ikishapoa, igeuze itazame dirishani itoe hewa ya ndani, na ufungue dirisha la upande wa pili hewa ya nje iingie.

Na ukifanikiwa kuihamisha friji nje ya chumba, kuna matumizi yake moja yaliyo halali kabisa kwa hesabu. Gandisha chupa mbili za plastiki za maji, kila moja lita moja, bila kuzijaza hadi juu, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa karibu sehemu moja ya kumi na kupasua chupa. Usiku zisimamishe kwenye beseni mbele ya feni, karibu na kitanda. Zikiyeyuka na kupanda hadi nyuzi 25 zinanyonya karibu kilojuli 880. Kwa saa mbili ni wati 120 hivi, na safari hii joto la kuzigandisha limemwagwa chumba kingine. Chupa zitatoka jasho sana kwa sababu mvuke wa hewa unageuka maji kwenye plastiki baridi, basi beseni liwe na kina, na waya wa feni usipite chini yake.